Mafundi wa Mtwara, kabla ya kufomati kompyuta za watu skanini kwanza, programu ni bure

Ndugu Mhariri,

Pole na majukumu. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na mafundi kompyuta wa hapa Mtwara mjini, na wa Masasi, Newala na Lindi pia kama wanasoma, na zaidi niongee na wateja wao maana wateja ndo wanaoumia. Mimi nina steshenari hapa Chikongola, nachapa, natoa kopi, naskani vyeti, nawajazia watu fomu za ajira na za mikopo, kwa hiyo kompyuta za watu nazishika kila siku na flashi za watu ndo usiseme.

Kero yenyewe ni hii. Mtu akipeleka laptopu kwa fundi akasema ina virusi, jibu ni moja tu, "hii tupige window", yaani kufomati, kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Fundi hajaiwasha akaitazama, hajauliza inasumbua nini na imeanza lini, hajahakikisha kama hivyo virusi vipo kweli, tayari ameshachomeka flashi yake ya Windows. Elfu ishirini, wengine elfu thelathini, na mafaili yako ndo kwaheri, ukiuliza unaambiwa yameliwa na virusi. Ukitoka hapo unakuja kwangu kuchapa upya vitu ambavyo wala havikupotea, vilifutwa na mtu uliyemlipa. Biashara kwangu ni nzuri lakini roho inauma.

Sasa mi sisemi kufomati ni kosa siku zote, nitafika huko. Ila kuanza na kufomati ni sawa na mkulima aone ubwiriunga kwenye maua ya mkorosho achukue shoka aangushe mti mzima. Hapa kwetu hata mtoto anajua ubwiriunga unapulizwa salfa na mti unabaki. Na salfa yenyewe mpaka usubiri mgao, hizi dawa za kompyuta ninazotaka kuzisema hazina mgao wala foleni, zingine zimo humo humo ndani ya kompyuta yako tangu siku uliyoinunua.

Kuna programu inaitwa Malwarebytes, mafundi wengi mnaijua. Aliyeianzisha ni Marcin Kleczynski, mzaliwa wa Poland aliyekulia Marekani, na akiwa bado kijana alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta huko Chicago. Alichokikuta pale ndo hiki hiki cha kwetu, kompyuta ikiletwa na virusi, hata viwe vidogo vya kijinga, inafutwa yote inaanzwa upya. Baadae kompyuta ya mama yake ikaingiliwa, antivairasi, yaani programu za kuzuia virusi, zenye majina makubwa za wakati ule zikashindwa kutoa, ikabidi ahangaike mwenyewe kutafuta njia ya kuondoa mdudu bila kuondoa kila kitu, na kutokea hapo ikazaliwa hiyo programu, mwaka 2008 ikawa kampuni kabisa. Yaani ni fundi wa dukani kama nyie, aliyekereka na huu mtindo wa kufuta tu.

Ile ya bure inafanya kitu kimoja tu na inakifanya vizuri, unaiambia iskani, yaani ikague kompyuta kutafuta virusi, inaskani, inakuonyesha ilichokamata, unaiambia iweke karantini, yaani ikifungie pembeni kisidhuru, inaweka. Haikulindi muda wote. Ukiiingiza mara ya kwanza inakupa ile ya kulipia kwa majaribio siku 14, zikiisha inarudi kuwa ya bure, hapo watu wanaogopa wanadhani imekufa au wanadaiwa, hamna, inaendelea kuskani ukiiamuru. Kitu kingine ambacho mafundi hampendi kukisikia, hiyo ya bure ni ya mtu binafsi na kompyuta yake ya nyumbani, sio ya kufanyia biashara wala ya ofisini. Kwa ofisi na kwa kazi za dukani mi natumia vitu vya Microsoft wenyewe, wenye Windows, na hapo ndo nataka nikae kidogo maana watu wengi hawajui wanamiliki nini.

Kompyuta yoyote yenye Windows 10 au 11 inayo Microsoft Defender ndani yake, antivairasi ya Microsoft wenyewe. Hujainunua, hujaidaunlodi, ipo. Unaitafuta Windows Security, ile yenye alama ya ngao, unaingia sehemu ya virusi, unakuta machaguo ya kuskani. Watu wakifika hapo wanabonyeza ile kwiki skani, inamaliza haraka inasema hamna kitu, basi wanasema Defender haina maana. Kwiki skani inaangalia tu zile sehemu virusi vinapopenda kukaa. Kuna fulu skani inayopita kila faili, hiyo inaweza kuchukua masaa na kama ni desktopu na umeme wetu huu ujue utaianza asubuhi ukatike mchana uianze tena, lakini laptopu iache tu usiku kwenye chaji. Alafu kuna moja iko chini kabisa ambayo sijawahi kumkuta fundi anaitumia, ile ya oflaini. Ukiibonyeza kompyuta inazima, inawaka upya bila kuifungua Windows yenyewe, inaskani, inachukua kama dakika 15 hivi, inarudi. Faida yake ni kwamba kuna virusi vikishaamka pamoja na Windows vinajificha au vinaizuia antivairasi isivione, sasa huku vinakutwa bado vimelala. Kabla hujaibonyeza hifadhi kazi yako, maana inazima kweli haikusubiri.

Na kuna kingine kidogo ambacho kipo kwenye Windows tangu Januari 2005, kinaletwa na apdeti za kila mwezi. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mrt, bonyeza Enter. Inafungua kidude cha kuondoa virusi maarufu, vile vilivyosambaa sana. Hakishiki kila kitu na wala hakijidai kushika kila kitu, lakini hakikuli bando hata kidogo.

Ukitaka jicho la pili, maana kuna wakati Defender imeshavurugwa na hao hao virusi, kuna Microsoft Safety Scanner. Hii unaidaunlodi, ni zaidi ya MB 100 kwa hiyo jipange na bando, haihitaji kuinstoli, unaifungua tu inafanya kazi. Inakufa siku 10 baada ya kuidaunlodi kwa sababu orodha yake ya virusi inakuwa imechakaa, unachukua mpya. Mi nachofanya naichukua mara moja, naiweka kwenye flashi, ndani ya hizo siku 10 inahudumia kompyuta za kila anayekuja. Fundi ukigawanya hiyo MB kwa wateja wako wote haifiki hata bei ya andazi. Makampuni ya antivairasi nayo, Kaspersky wana ya kwao ya bure ya kuondoa virusi, ESET nao wanayo, zote ni za kuskani mara moja na kuondoka. Ila msiwawekee watu antivairasi mbili za kulinda muda wote kwenye kompyuta moja, zinagombana na mashine inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa na virusi. Ukiweka ya kwako Defender yenyewe inajiondoa pembeni.

Nitoe mfano. Kuna mwalimu wa sekondari anafundisha huko njia ya Nanyamba, alikuja dukani amebeba karatasi mkononi anataka nimchapie upya maazimio ya kazi ya mwaka mzima na maswali ya mitihani ya vidato viwili. Namuuliza madam si ulikuwa nayo kwenye flashi, akasema flashi imeliwa na virusi, ameshaipeleka kwa fundi, fundi kamwambia, "Madam hii imeisha, na laptopu nayo imeshaambukizwa, uniletee kesho tupige window." Nikamwomba hiyo flashi niione. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ile ninayoitumia kupokelea flashi tu, sikufungua kitu. Flashi ya GB 16, ndani unaona majina ya mafolda yake yote, Kidato cha Pili, Kidato cha Nne, Picha, lakini kila moja lina kamshale kadogo pembeni na kila moja lina ukubwa wa KB 1 au 2. Hizo ni shotikati, yaani vialama vya kukuelekeza kwenye kitu kingine, sio mafolda yenyewe. Sasa ukirudi nyuma ukiangalia ule mstari wa bluu unaoonyesha flashi imejaa kiasi gani, umejaa zaidi ya nusu. Nikamwambia madam, kama mafaili yameliwa, hizi GB zilizojaa humu ni za nani?

Hawa virusi wa shotikati wako Mtwara nzima, ukitaka kuwaona nenda steshenari yoyote karibu na chuo wiki ya kukabidhi ripoti za mafunzo kwa vitendo. Wanachofanya ni kuyaficha mafolda yako halisi, wanayapa alama ya faili la siri la mfumo ili usiyaone, alafu wanaweka shotikati yenye jina lile lile. Wewe unabonyeza ukidhani unafungua folda, kweli linafunguka na kazi zako unaziona, ila kwa chini umeshakiamsha kiprogramu na kompyuta hiyo nayo imeshaingiliwa, flashi ya mtu atakayefuata nayo inapata. Ndo maana unaweza kukaa nao miezi usijue, mpaka siku ambayo antivairasi ya mahali fulani inawafuta hao virusi na shotikati zao, mafolda yanabaki yamefichwa, unaona flashi tupu, unapiga kelele.

Kwa hiyo mpangilio ni huu na ukiugeuza unarudi pale pale. Kwanza skani kompyuta mpaka iwe safi, maana ukisafisha flashi kwenye kompyuta chafu baada ya dakika mbili ni chafu tena. Pili skani flashi, unabonyeza kulia juu ya jina la flashi unachagua kuskani kwa Defender. Tatu ndo unarudisha mafaili yaliyofichwa, unafungua ile sehemu nyeusi ya kuandika amri, Command Prompt, unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na hiyo E unaweka herufi ya flashi yako ilivyo siku hiyo, unabonyeza Enter unasubiri. Madam alikuwa amesimama nyuma yangu, mafolda yakaanza kutokea moja moja, akasema "Jamani", akakaa kwenye kiti cha wateja. Laptopu yake tukaipitisha ile ya oflaini ikakamata, tukaiwasha tukapiga na Safety Scanner. Hakuna kilichofomatiwa. Nilimchaji elfu tano, kanunua na rimu ya karatasi.

Alafu kuna hili la watu kutibiwa ugonjwa ambao hawana. Mzee wangu mmoja mstaafu yuko Lindi, kila akifungua laptopu pembeni chini kunatokea ujumbe, kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa, mara picha za ajabu ambazo mzee wa heshima zake hataki wajukuu wazione. Fundi kampigia window. Akaingia kwenye Chrome na akaunti yake ile ile, akaendelea na tovuti zake zile zile za mpira, siku chache zikarudi. Kampigia window tena! Kumbe hata virusi havikuwepo, ni tovuti aliyoiruhusu imtumie arifa, ile inayokuambia bonyeza ruhusu kuthibitisha kuwa wewe sio roboti, ukiruhusu inakutumia matangazo ya utapeli hata ukiwa umeifunga. Dawa yake unaingia mipangilio ya Chrome, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa, unaiona hapo na jina lake refu lisilosomeka, unaiondoa. Nilimwelekeza kwa simu, "mzee shuka chini kidogo, hapo hapo, toa hiyo", dakika chache tumemaliza. Na ule ujumbe wa kujaza skrini nzima wenye king'ora na namba ya simu ya kupiga, nao ni ukurasa tu wa intaneti, Microsoft hawaweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu. Unafunga brauza, ikigoma unaizima kompyuta kabisa, namba usipige.

Sasa mafundi msinune, lakini virusi vingi navyovikuta vimetoka kwenye flashi zenu. Windows ya kuiba ina kiprogramu chake cha kuidanganya ionekane imelipiwa, Ofisi nayo ina cha kwake, na programu za kuchora ramani na za kuedit video nazo zina kraki, na maelekezo yake siku zote yanaanza na "zima antivairasi kwanza". Hivi mtu akija kwako usiku akakwambia mfunge mbwa kwanza ndo niingie utamkaribisha? Nyie mnaizima, mnaweka, mnasahau kuiwasha au mnaiacha makusudi isije ikafuta kraki, mteja anaondoka na mashine mpya haina ulinzi. Kuna ukoo wa virusi unaitwa STOP, wengine wanauita Djvu, huo umesambaa dunia nzima kwa njia hii hii ya kraki. Ukiingia unafunga mafaili yako yote kwa kufuli, kila faili linaongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, na kila folda unaachiwa barua inaitwa _readme.txt ya kukudai hela.

Na hapa niseme ukweli, hizi programu za bure zitamtoa huyo mdudu, ila mafaili yaliyofungwa hayafunguki kwa kumtoa. Ni vitu viwili tofauti. Yakishafungwa unahitaji ufunguo. Ndo maana mwaka 2016 polisi wa Uholanzi na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, pamoja na kampuni za Kaspersky na Intel Security walianzisha mradi wa No More Ransom, una tovuti ambayo unapeleka faili lako moja lililofungwa na ile barua ya madai, inakuambia ni ukoo gani na kama ufunguo wake umeshapatikana unapewa bure. Sio funguo zote zimepatikana. Lakini funguo zingine zimepatikana baada ya muda, seva za hao wahalifu zikakamatwa au watafiti wakagundua kosa lao, aliyekuwa ameyatunza mafaili yake yaliyofungwa akayafungua. Aliyepigiwa window siku ile ile hana hata cha kufungulia. Kwa hiyo hata kwenye hili kubwa kuliko yote kufomati kwanza ndo kumuua mgonjwa, kopi yale mafaili yaliyofungwa kwenye hadidiski ya nje yaweke, alafu ndo ufomati.

Nimesema nitafika kwenye kufomati. Kuna virusi kama Sality, vya tangu 2003 na bado vinaonekana kwenye mashine za zamani, vinajipachika ndani ya kila programu, ukivitoa programu nyingine zinakufa, hapo kuhangaika ni kupoteza muda. Kuna kompyuta ambayo umeskani kwa hiki na kile na bado inarudi vile vile. Kuna iliyokuwa na mtu anaiendesha kwa mbali, huyo huwezi kujua ameacha nini. Hizo futa. Ila toa kwanza nyaraka na picha za mtu, na kama Windows yenyewe haiwaki haijalishi, chukua Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, ambayo nayo ni bure iweke kwenye flashi, washa kompyuta kwa hiyo flashi bila kuinstoli chochote, mafaili utayaona utayakopi, alafu kabla hujayarudisha uyaskani. Na ukimaliza mwambie mwenye nayo abadilishe paswadi zake za imeili na za benki akitumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, maana siku hizi virusi vingi haviji kuharibu, vinakuja kuiba paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza na kuondoka kimya kimya.

Naongezea na hili nikiwa hapa hapa, hiyo kopi ya mafaili ya mteja unayobaki nayo kwenye mashine yako fundi, ifute akishachukua yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, picha za familia ya mtu sio za kuangalia na washkaji mkiwa hamna wateja.

Wengine mnaniambia, kaka sasa tukiskani bure tutakula nini. Nani kasema mskani bure? Programu ni bure, muda wako sio bure, akili yako sio bure. Mchaji mteja elfu kumi umsafishie, umwashie Defender, umwachie kompyuta inayojiapdeti, atarudi kwako na shida nyingine na ataleta na jirani. Huyo unayemfutia picha za mama yake aliyefariki harudi, na anakusema msikitini na sokoni.

Ila ninaowaogopea zaidi sio watu binafsi, ni ofisi ndogo ndogo, hasa vyama vya msingi vya korosho. Msimu ukifika hapo Oktoba kuna vyama orodha nzima ya wakulima, kilo walizoleta, makato, akaunti za benki, viko kwenye kompyuta moja iliyo mezani kwa karani, na flashi moja inayozunguka kutoka ghalani mpaka ofisini mpaka steshenari kuprinti. Hiyo flashi ikipata shotikati tu karani anaita fundi, fundi anapiga window, alafu wakulima wanasubiri malipo wanaambiwa mtandao unasumbua. Viongozi wa vyama, wekeni hadidiski moja ya nje ya kutunzia kopi, msiiache imechomekwa muda wote maana virusi vya kufunga mafaili vinaifunga na yenyewe, na karani aonyeshwe ile ngao ya Windows Security iko wapi. Na kama mashine ina Windows 7 mjue Microsoft waliacha kuitengenezea viraka vya usalama tangu 14 Januari 2020, hiyo msiipe kazi ya hela za watu. Windows 10 nayo imefikia mwisho wake 14 Oktoba 2025, Defender yake wamesema wataendelea kuipa orodha za virusi mpaka Oktoba 2028 lakini matundu ya Windows yenyewe hawazibi tena kwa kila mtu, kwa hiyo pangeni bajeti.

Kwa nyaraka zinazokuja kwa imeili au WhatsApp za watu msiowajua, zile ankara na barua za zabuni, kuna VirusTotal, iko chini ya Google tangu 2012, unapandisha faili kwenye tovuti yao linapitishwa kwenye antivairasi zaidi ya 60 kwa mpigo. Ila msipandishe kitu cha siri, orodha ya mishahara au vyeti vya watu, kwa sababu yale mafaili makampuni ya usalama yanaweza kuyaona.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja. Mtu akisikia haya ataingia Google kutafuta programu ya bure ya kuondoa virusi, na juu kabisa anaweza kukutana na matangazo na vitufe vya kijani vya kudaunlodi ambavyo vingine ndo virusi vyenyewe vimevaa kanzu. Kwenye ukurasa wenu wa teknolojia chapeni anwani halisi kwa herufi kubwa, microsoft.com, malwarebytes.com, virustotal.com, nomoreransom.org, mziweke kwenye kiboksi kizuri cha kukatika na mkasi. Mi chakwangu nitakibandika ukutani juu ya mashine ya kopi, na mafundi watakaopita kununua bahasha nitawapa kopi bure.

Msomaji wenu,
Mwenye steshenari,
Chikongola, Mtwara